Mwezi Ukijaa, Taa Huzimwa

Kando ya Ziwa Tanganyika usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mwezi usipokuwepo, wavuvi wa Kigoma huisukuma mitumbwi majini jua likizama, na ikifika saa mbili usiku taa zao zimeshatapakaa ziwani kiasi kwamba mgeni aliyeketi ufukweni huapa kuwa kule mbele kuna mji. Mke wa mvuvi haoni mji. Anaona mahali alipo mumewe, na kwa hiyo anajua mahali ambapo hayupo. Kisha mwezi unakua, unajaa, mwanga unaenea juu ya maji yote, na dagaa hawana tena sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Nyavu zinarudi nyepesi. Wavuvi wanaziweka taa ndani, wanatia viraka nyavu zao, wanalala majumbani. Kwa siku hizo chache za kila mwezi ziwa halina taa na nyumba zina wenyewe.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa sababu ya aina fulani ya riwaya ninayoipenda kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Ni riwaya za mapenzi ya zamani, zile tamu, ambazo mlango hufungwa pale wapenzi wanapobusiana na msomaji hubaki nje na heshima zake. Jaladani pana mnara wa taa juu ya mwamba, mawimbi yanapasuka chini yake, na mwanamke amesimama ukingoni, mtandio ukipepea. Huyo ni binti wa mlinzi wa taa. Baba yake ameanza kupoteza nguvu za macho na hataki serikali ijue. Dhoruba inaleta baharia aliyezimia. Kuna barua iliyochelewa, kuna mchumba tajiri asiyefaa, kuna shangazi mwenye maneno. Mwisho ni harusi. Mambo haya hutokea Scotland, hutokea Maine, hutokea Cornwall. Hayatokei Manyovu.

Na yatatokeaje? Manyovu ni mji mdogo wa mpakani, mkoani Kigoma hukuhuku, siku hizi upo wilaya ya Buhigwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kasulu. Ukivuka kizuizi, upande wa pili ni Mugina, nchini Burundi. Ni nchi ya vilima, ya baridi ya asubuhi, ya migomba na maharage na kahawa, ya salamu ndefu zinazosindikizwa na makofi ya taratibu. Kutoka Dar es Salaam, reli ya kati inakwenda zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kuishia Kigoma, na ukishuka kwenye treni bado una safari ya kupanda milima kupitia Mwandiga. Mlinzi wa taa akiletwa huku na Idara ya Bandari atakaa chini ya mgomba akisubiri mshahara.

Lakini swali la kipuuzi lina faida yake. Ukiuliza kama hadithi ya mapenzi ya mnara wa taa inaweza kuandikwa Manyovu, unalazimika kuuliza kwanza mnara unafanya kazi gani ndani ya hadithi. Nilidhani jibu ni jepesi: taa inamwita mpenzi arudi. Nikaona hata hilo halijanyooka.

Babu wa riwaya hizi zote ni Mgiriki. Hero alikuwa kuhani wa Aphrodite aliyekaa mnarani huko Sestos, upande mmoja wa mlangobahari unaotenga Ulaya na Asia, ambao leo tunauita Dardanelles. Leander alikuwa kijana wa Abydos, upande wa pili. Kila usiku Hero aliwasha taa juu ya mnara na Leander akaogelea kuifuata. Ikaja dhoruba ya kipupwe, upepo ukaizima taa, kijana akapotea majini. Asubuhi Hero aliuona mwili wake chini ya mnara akajirusha. Hadithi hiyo haina utamu wowote, ila wajukuu wake wote watamu wameirithi. Waandishi wa leo wamefanya badiliko moja tu: wamehakikisha taa haizimiki.

Mabaharia, hata hivyo, wangewacheka. Taa ya mnara, kwa mtu anayeishi kwa usukani, haisemi njoo. Inasema kaa mbali, hapa pana mwamba. Mnara wa Ras Kigomasha kaskazini mwa Pemba, ule wa chuma, haukusimamishwa ili majahazi yaukimbilie. Wa Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, ambao Waingereza waliujenga mwaka 1904, upo pale kwa sababu ya matumbawe ambayo yangepasua tumbo la meli. Nahodha anayeielekeza omo yake kwenye taa ya mnara na kushikilia hapo hapo anatafuta kuzama. Kwa hiyo Leander, tukimtazama kwa jicho la baharini, alikuwa akifanya kile hasa ambacho minara inakataza.

Taa inayoita kweli ni ile ya ziwani kwetu. Usiku, vijidudu vya majini hupanda kutoka kwenye vina, na ziwa hili lina vina vya kutisha, mahali pengine zaidi ya mita 1,400. Dagaa huvifuata, migebuka huwafuata dagaa. Zamani mvuvi aliwasha mwenge wa kuni mbele ya mtumbwi, akawachota samaki kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Katikati ya karne iliyopita ikaenea mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu mpana ukashushwa kati yake, na juu yake zikaning'inizwa karabai. Unapampu, unawasha, unangoja. Dagaa wanakuja kwa maelfu wakizunguka mwanga kama mahujaji, halafu wavu unapandishwa. Taa hiyo inasema njoo, na inasema uongo.

Ndiyo kusema mwanga wenye huruma ni ule unaokufukuza, na mwanga unaokukaribisha una wavu chini yake. Sina nia ya kulifanya hilo kuwa hekima ya mapenzi. Wako akina mama wa Kibirizi na Ujiji wanaolijua bila msaada wa mwandishi. Ninachotaka ni kuonyesha tu kwamba riwaya ya mnara, ikiletwa Kigoma bila kufikiri, itageuka miguu juu. Kwenye jalada la Cornwall mwanamke anatazama taa na moyo wake unatulia. Ufukweni kwetu mwanamke anatazama taa na kuhesabu siku zilizobaki hadi mwezi ujae.

Siku hizi karabai zenyewe zimepungua. Mahali pake zimekuja taa za umeme wa betri na jua, nyeupe zaidi, na bila ile sauti ya kufoka iliyokuwa ikisikika kutoka mbali maji yakitulia. Na mwaka 2024 ilitokea kitu ambacho mwandishi wa riwaya tamu angekidaka kwa mikono miwili. Nchi zinazozunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ukasimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu, giza la mwezi mwandamo likaja na kupita, na hakuna aliyekwenda kazini. Magazeti yaliandika kuhusu bei ya dagaa, kuhusu mikopo, kuhusu vijana waliokwenda mashambani kutafuta vibarua. Yote ya kweli na yote mazito. Ila hakuna niliyemsoma aliyeuliza ilikuwaje kwa wanandoa waliozoea kuonana kwa ratiba ya mwezi kujikuta pamoja usiku tisini mfululizo. Wengine nadhani waligundua wanapendana. Wengine nadhani waligundua kwamba ratiba ya mwezi ndiyo iliyokuwa ikiwashikilia.

Nirudi baharini kidogo, kwa sababu kuna hadithi moja ya mapenzi na minara ambayo ni ya kweli, na watunga riwaya wameipita bila kuiona.

Gustaf Dalén alizaliwa Sweden mwaka 1869, mtoto wa mkulima. Kazi yake ilikuwa gesi ya asetilini, ambayo inawaka kwa mwanga mkali mweupe lakini hulipuka kwa hasira ukiibana vibaya. Dalén alipata njia ya kuihifadhi salama ndani ya mitungi. Akaunda kifaa cha kuikata na kuirudisha ili taa imulike kwa vipindi na kuokoa gesi nyingi. Kisha, mwaka 1907, akaja na kile alichokiita vali ya jua. Ilikuwa na vijiti vya metali, kimoja cheusi kinachonywa joto na vingine vinavyong'aa. Jua likichomoza kile cheusi hutanuka kuliko wenzake na kufunga gesi. Jua likizama hunywea na gesi hufunguka. Taa ikawa inajiwasha jioni na kujizima alfajiri, mwezi baada ya mwezi, bila mtu. Hata siku ya mawingu mazito ilijua la kufanya.

Mwaka 1912, akiwa katika majaribio ya mitungi, gesi ililipuka na kumpofua. Mwaka huohuo akatunukiwa Nobeli ya fizikia kwa vifaa hivyo vya minara na maboya, na ndugu yake, daktari wa macho, ndiye aliyekwenda kumpokelea. Sijui kama kuna kejeli kali kuliko hiyo katika historia ya tuzo ile: aliyewapa mabaharia wa dunia mwanga hakuuona tena, na nduguye wa macho hakuweza kumponya.

Sasa sehemu tamu. Akiwa amekaa nyumbani akiuguza majeraha, Dalén alianza kusikia kitu ambacho alipokuwa na macho hakuwa amekiona: jinsi Elma, mkewe, alivyochoshwa na jiko. Kuni, makaa, majivu, kupuliza, kukoroga, kurudi tena kutazama. Mtu aliyekuwa amewaondolea walinzi wa taa usumbufu wa kukesha na moto akaamua kumwondolea mkewe. Mwaka 1922 kampuni yake ya AGA ilitoa jiko zito la chuma linalotunza joto na kujirekebisha lenyewe, na majiko ya jina hilo bado yanapikiwa huko Uingereza. Ni jiko la matajiri siku hizi, wenye nyumba za mashamba na mbwa wakubwa. Lakini lilianzia kwenye kipofu mmoja akisikiliza nyayo za mkewe jikoni. Mwandishi yeyote wa mapenzi aliyewahi kuweka busu juu ya ngazi za mnara ingefaa aone aibu.

Dalén huyo ndiye pia aliyeiua riwaya ya mnara. Kifaa chake kilipofika, binti wa mlinzi hakuwa tena na sababu ya kuishi kwenye mwamba. Kwetu pia. Katika miaka ya 1920 taa ya Chumbe ilibadilishwa iwake kwa gesi. Ukienda leo kisiwani, ambacho tangu miaka ya 1990 ni hifadhi ya matumbawe, utapanda ngazi zaidi ya mia moja hadi juu, na chini utaonyeshwa nyumba ya mlinzi, iliyokuwa gofu na sasa inapokea watalii, pamoja na msikiti mdogo wenye umbo la Kihindi. Msikiti ule unanigusa kuliko mnara. Mnara ulijengwa kwa ajili ya watu wa melini, wapitao. Msikiti ulijengwa kwa ajili ya waliobaki, kwa sababu hata kwenye kisiwa cha matumbawe mtu anahitaji mahali pa kusali mara tano kwa siku na pengine mahali pa kumwombea aliye ng'ambo.

Kuhusu mapenzi ya kale ya Unguja, najua msomaji ananingoja nimtaje Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyempenda mfanyabiashara wa Kijerumani wa nyumba ya jirani, akatoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden na kuolewa huko mwaka uliofuata. Nimemtaja. Ni hadithi kubwa na imesimuliwa sana, naye mwenyewe aliiandika. Lakini ni mapenzi ya watu wenye madirisha yanayotazamana. Nisichokipata kwa urahisi katika maktaba yetu ni mapenzi ya watu waliotenganishwa na kilomita elfu moja na hawakuwa na dirisha, wala taa, wala manowari.

Hao Manyovu wapo tele.

Wakoloni, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, waliitazama Buha, nchi hii ya vilima, kama ghala la mikono. Kasulu na Kibondo hazikupewa mashamba makubwa wala viwanda. Zilipewa kodi ya kichwa. Kodi inalipwa kwa fedha, na fedha ilikuwa Tanga, kwenye mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf. Basi wanaume wa Buha wakaenda. Wengine walijipeleka, wengine walichukuliwa na mawakala wa kuajiri, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ikashikwa na ofisi moja ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Mtu alitia dole gumba, akapewa namba na jina la manamba, akapewa blanketi, akapakiwa treni Kigoma. Na safari haikuwa ya moja kwa moja, kwa sababu reli ya kati na reli ya Tanga hazikukutana. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilifunguliwa mwaka 1963, wakati nchi imeshapata uhuru. Kabla ya hapo manamba alishuka treni moja, akasafirishwa kwa njia nyingine, akaendelea.

Mwanamke aliyebaki kilimani alikuwa na nini? Alikuwa na shamba, watoto, wakwe, na mkataba ambao hakuusoma. Barua zilikuja pale zilipokuja, na katika nyumba nyingi hakukuwa na mtu wa kuzisoma, kwa hiyo zilipelekwa kwa katekista au kwa mwalimu. Hebu fikiria. Mume, asiyejua kuandika, anamwambia karani wa kambi ya mkonge amwandikie. Karani ana haraka na ana lugha yake ya ofisini. Barua inafika, katekista anaisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe na majirani wawili waliopita kwa bahati. Kati ya kinywa cha mume na sikio la mke wamepita wanaume wawili na kadamnasi. Neno gani tamu lingeweza kusafiri kwa njia hiyo? Ndiyo maana barua za manamba, kwa wanaozikumbuka, zilijaa salamu na fedha: msalimie fulani, msalimie fulani, nimetuma shilingi kadhaa, mpe mama kadhaa. Mtu asiyejua atasema ni barua kavu. Mimi nadhani mke aliyesikiliza vizuri alijua kuhesabu. Alijua nani ametajwa wa kwanza. Alijua kiasi alichoachiwa mama na kiasi alichoachiwa yeye, na kwamba shilingi moja ya ziada iliyotajwa mbele ya mama mkwe ni ujasiri mkubwa kuliko kuogelea mlangobahari usiku.

Hapo ndipo ningeiweka riwaya yangu, kama ningepewa kazi ya kuiandika. Miaka ya 1950, vilima vya Manyovu. Isiwe ya machozi. Msomaji wa riwaya tamu amelipa ili mwisho watu wakae pamoja, na historia yetu inaruhusu: wako waliorudi, tena wengi, na baiskeli, na sanduku la bati, na doti za khanga. Wako pia ambao hawakurudi, waliooa kulekule Korogwe na Muheza na kuzaa watoto ambao leo wanasema babu yao alitoka Kigoma. Hao wangepata riwaya yao nyingine, ya mwandishi jasiri kuliko mimi.

Mnara ningeupata. Mbele ya ghuba ya Tanga kuna kisiwa cha Ulenge, na Ulenge ina mnara wa taa. Manamba wangu, siku moja ya mapumziko, angepata lifti ya lori la mkonge kwenda mjini, angefika ufukweni jioni na kuona kitu kikifumba na kufumbua macho juu ya maji. Angedhani ni wavuvi. Angemuuliza Mdigo anayekokota ngalawa, naye angemweleza kwa ufupi, kwa ile subira ya watu wa pwani wanapowaeleza watu wa bara mambo ya bahari. Ningeipa sura hiyo kurasa nyingi, maana ni mara ya kwanza katika maisha yake anaona taa isiyovua.

Kazi ngumu ingekuwa kilimani. Jaribu la mwandishi ni kumpa mwanamke wa Manyovu taa yake: kibatari dirishani, moto wa nje, kitu cha kutazamwa. Ningekataa. Kwanza mafuta ya taa yalikuwa ghali. Pili, hakuna njia ambayo mume angeweza kuona mwanga wowote kutoka Tanga, na mwanamke wa Buha si mtu wa kuunguza mafuta kwa ajili ya mfano. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mapenzi yale yaliishi bila alama yoyote. Hakukuwa na kitu cha kutazama usiku na kusema yupo pale. Mke wa mvuvi angalau anaiona nukta yake. Mwanamke wa kilimani alikuwa na msimu. Maharage yalipandwa, yakang'olewa, yakapandwa. Ukitaka kujua muda wa mkataba umebaki kiasi gani, ulihesabu mavuno. Taa za ziwa zilimfikia zikiwa zimeshakauka, ndani ya gunia la dagaa sokoni, akanunua kopo moja, akapika, akala na watoto gizani kwa kuwa chakula hakihitaji kuonekana ili kiliwe.

Yako mambo ambayo mhariri wa riwaya tamu angeyadai na ningempa bila ubishi. Mchumba asiyefaa, kwa mfano: mwenye duka wa mpakani, ana baiskeli mpya, ana njia ya kupitisha vitu kwenda Burundi na kurudi, na kila akipita husimama kuulizia kama kuna habari kutoka Tanga kwa sauti ya mtu anayetumaini hakuna. Shangazi mwenye maneno sina haja ya kumtunga. Dhoruba ingekuwa mvua ya mawe ya kilimani inayolaza mahindi. Na katekista ningemfanya mtu mwema, mzee, ambaye baada ya kusoma barua nyingi za watu amejua kitu, na siku moja anasoma sentensi ambayo karani hakuiandika. Anaiongeza mwenyewe, pale mwishoni, akitazama karatasi kwa makini kama anayepata shida na mwandiko. Mke anajua. Mama mkwe hajui. Nadhani hiyo ndiyo sura ambayo wasomaji wangeikunja pembe.

Kisha mume anarudi. Treni inafika Kigoma, anapanda milima siku mbili na sanduku kichwani, anafika jioni. Hawakumbatiani, maana watoto wapo na wazee wapo. Wanasalimiana kwa makofi, salamu nzima, kila mtu na ng'ombe wa kila mtu wanaulizwa hali. Wanakula. Usiku, watoto wakiwa wamelala, anamweleza ule mnara. Anatumia mikono.

"Mama watoto, ni jumba refu kama mti wa mvule, juu kuna taa tu."

"Ya nini?"

"Ya kuwaambia wenye meli wasisogee."

"Na anayeiwasha?"

"Wanapokezana. Wanapelekwa kisiwani, wanakaa huko, wakimaliza zamu wanaletwa wengine."

"Wana wake?"

"Wanao. Wamewaacha makwao."

Mke anafikiri kidogo. "Basi hao nao ni manamba," anasema, na kumuuliza kwa nini kwenye barua ya mwisho alimtaja shemeji kabla ya mtoto.

Hapo sura ingekwisha. Inayofuata ingefunguka alfajiri na ugomvi mkubwa kuhusu shamba la bondeni, ambalo kaka yake mume amelilima misimu miwili bila kumuuliza mtu, na ambalo mke ana mpango nalo wa kupanda kahawa.